Tulilala Hotelini, Mke na Mume

Huku kwetu Butimba, mwanamke mwenye ndoa akionekana anatoka gesti asubuhi, hata kama yuko na mume wake aliyefunga naye pingu za maisha kanisani mbele ya mashahidi, habari itafika sokoni kabla yake. Ndivyo tulivyokuzwa. Gesti ni ya msafiri aliyekosa ndugu mjini, au ya watu wenye jambo la kuficha. Mke na mume wana nyumba yao na kitanda chao. Wanakwenda kutafuta nini kwenye kitanda cha kukodi?

Basi, wapenzi wasomaji, tunaanza kwa kukiri. Mwezi wa Desemba mwaka 2024, sisi wawili, watu wazima wenye watoto watatu na miaka 21 ya ndoa, tulilala siku mbili katika hoteli ya fahari jijini Nairobi, tena Westlands, mtaa ambao ukimtajia kijana yeyote wa Nairobi atakuambia kuwa huko ndiko watu wanakokesha. Hatukwenda kwenye semina. Hatukwenda msibani. Tulikwenda kulala tu.

Safari yenyewe hatukuipanga sisi. Kijana wa marehemu kaka yake baba watoto, ambaye tulimlea tangu akiwa darasa la tatu, sasa anafanya kazi Nairobi. Mwezi wa Oktoba alipiga simu akasema, "Mama mdogo, nimewalipia wewe na baba mdogo siku mbili za kupumzika hotelini. Nimeshalipa, na hela hairudi. Msipokuja imepotea." Anatujua vizuri huyu mtoto. Bila maneno hayo ya mwisho tungemwomba atutumie hiyo hela tununue mabati.

Msomaji aelewe tulivyokuwa tukiishi. Mmoja wetu ni muuguzi wa zamu, mwingine ni mwalimu wa sekondari. Muuguzi akirudi kutoka zamu ya usiku humkuta mwalimu akifunga kamba za viatu. Tumekabidhiana nyumba kwa miaka mingi kama wauguzi wanavyokabidhiana wodi: huyu amekula, huyu ana homa, mtungi wa gesi unakaribia kwisha, maji yametoka usiku nimejaza madumu manne. Taarifa ikiisha, mmoja analala na mwingine anaondoka. Jumamosi kuna vikao vya akina mama na kutembelea wagonjwa, na mara nyingine zamu yetu ya kupeleka sabuni na neno la faraja kwa wafungwa wa Gereza Kuu la Butimba. Jumapili baada ya ibada tunapima presha za waumini chini ya mwembe mpaka saa nane. Mtu angetuuliza ni lini tulikaa wawili tukazungumza jambo lisilo na ada ya shule wala maji ndani yake, tungekosa jibu.

Tuliondoka Alhamisi tarehe 5, alfajiri, kutoka stendi ya Nyamhongolo. Njia ile ni nzuri kwa macho. Unapita Magu na Lamadi, ambako Serengeti inakaribia kabisa kugusa ziwa, halafu Bunda, halafu unavuka mto Mara kwenye daraja la Kirumi, na Tarime unaanza kusikia ubaridi wa milimani. Sirari unashuka kwa ajili ya uhamiaji. Hapo tuwakumbushe akina mama wenzetu jambo la kiuguzi: kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, tangu tarehe 11 Julai 2016, ni ya maisha yote. Usikubali kuchanjwa upya kwa sababu tu kadi yako ina zaidi ya miaka 10. Itunze pamoja na pasipoti.

Baada ya mpaka aliketi karibu nasi mama mmoja wa Migori, mchangamfu, akatuuliza tunakwenda kwa nani. Tulipomwambia tunakwenda kulala hotelini alishangaa sana. "Mtalala hotelini? Kwani wataondoa meza?" Tukacheka mpaka Rongo. Kumbe kwao hoteli, hasa katika miji midogo, ni pale unapokunywa chai na mandazi na kula ugali kwa samaki. Pa kulala wanapaita lojing'i. Tukamweleza kwamba hata kwetu neno hilo lina maana zote mbili, na kwamba pa kulala tunapaita gesti. Akatuuliza kama gesti ni pazuri. Tukatazamana, tukabadilisha mazungumzo.

Kisii, Narok, Mai Mahiu, na usiku tukashukia River Road tukiwa na miguu iliyovimba. Kijana wetu alitupokea, tukalala kwake. Kesho yake mchana akatupeleka Westlands.

Westlands ni upande wa magharibi wa jiji, kilomita chache tu kutoka katikati. Zamani palikuwa mtaa wa nyumba zenye bustani. Mwaka 1983 likafunguliwa jengo la maduka la Sarit Centre, na kidogo kidogo ofisi zikahamia huko zikikimbia msongamano wa mjini, na ofisi zilipohama, migahawa na kumbi za muziki zikafuata wafanyakazi wenye mishahara. Barabara fupi ya Woodvale Grove ikajaa vilabu vya usiku na taa hata vijana wakaibandika jina la Electric Avenue, yaani barabara ya umeme. Kisha zikaja hoteli kubwa. Sankara ilifunguliwa mwaka 2010 kwenye barabara hiyo hiyo, na Villa Rosa Kempinski mwaka 2013 pale Chiromo Road. Juu ya vichwa vya watu inapita barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ikisimama juu ya nguzo kama daraja lisilo na mto.

Hoteli tuliyolala hatutaitaja jina. Hatukutumwa kuitangaza.

Getini walinzi walipitisha kioo chenye mpini mrefu chini ya gari, wakafungua buti, wakatupitisha sisi na begi letu kwenye mashine kama ya uwanja wa ndege. Baba watoto alinong'ona kwamba wanatuona majambazi. Kijana wetu akatueleza polepole. Jumapili ijayo mtu anaweza kukupita njiani hapa ambaye alimzika nduguye kwa sababu ya Westgate, lile jengo la maduka lililo mtaa huu huu, lililovamiwa na magaidi tarehe 21 Septemba 2013 wakaua watu 67. Na tarehe 15 Januari 2019 wakavamia hoteli ya dusitD2, Riverside, si mbali na hapo, wakauawa watu 21. Baada ya kusikia hivyo tulimwinulia mlinzi mikono yote miwili atupekue anavyotaka.

Mapokezi tuliogopa. Mwanamke wa Kitanzania anakijua kile kitabu cha gesti chenye safu za jina, kabila, kazi, atokako, aendako, na anayajua macho ya mwenye kitabu. Tulikuwa tumebeba hata nakala ya cheti cha ndoa ndani ya bahasha, tunakiri. Binti wa mapokezi alichukua pasipoti zetu mbili, akabonyeza kompyuta, akatupa kadi ya plastiki, akasema kwa Kiswahili cha kutafutatafuta, "Karibuni sana, mama na baba, mjisikie nyumbani." Bahasha ikabaki begini.

Chumba kilikuwa ghorofa ya sita. Tuliingia tukakuta giza. Taa zote tulizobonyeza ziligoma, mpaka baba watoto akaenda kumwita mhudumu, naye akachomeka ile kadi kwenye kitundu cha ukutani na chumba chote kikawaka. Kitanda kilikuwa kipana, cheupe pe, kina mito sita. Watu wawili na mito sita! Palikuwa na birika la umeme, majoho mawili meupe, na friji ndogo yenye vichupa vya pombe na soda ambavyo bei zake zimeandikwa kwenye karatasi. Hatukuvigusa. Soda moja ilikuwa na bei ya kilo mbili za sangara.

Lakini kilichotushinda ni bafu. Ukuta wa bafu ulikuwa wa kioo, kioo kitupu, kuanzia sakafuni mpaka darini, na aliye kitandani anamwona anayeoga kama samaki kwenye tangi. Tulisimama tukitazama. Miaka 21 ya ndoa, na mmoja wetu amezalisha akina mama mamia kwa mikono yake, lakini tuliona haya kama maharusi. Tukafungua begi, tukatoa kanga mbili, tukazitundika kwa kuzibana na vyombo vya kutundikia nguo. Jioni mhudumu wa vyumba alipoleta maji ya kunywa aliziona akacheka akiziba mdomo. "Wageni wengi wa kwetu hufanya hivyo, mama, lakini wao hutumia taulo." Alikuwa mtu wa Homa Bay. Alipojua tunatoka Mwanza alitupa mkono upya: "Kumbe tunakunywa maji ya ziwa moja." Zamu yake ilikuwa inaisha saa nne usiku, na mtoto wake wa miaka miwili alimwacha kwa jirani. Hayo hakuhitaji kutueleza kwa kirefu. Sisi wa zamu tunajuana kwa namna tunavyotazama saa.

Kwenye droo ya kando ya kitanda tulikuta Agano Jipya la chama cha Gideoni. Historia ya chama hicho tuliisoma zamani, na pale chumbani tuliikumbuka kwa namna nyingine. Mwaka 1898 huko Boscobel, jimbo la Wisconsin, Marekani, wafanyabiashara wawili wasafiri, John Nicholson na Samuel Hill, walifika kwenye hoteli iliyojaa, wakalazimika kulala chumba kimoja ingawa hawakufahamiana. Wakagundua kwamba wote ni wakristo, wakasali pamoja. Mwaka uliofuata wakaanzisha chama, na mwaka 1908 Biblia za kwanza zikawekwa katika vyumba vya hoteli. Tukaanza kuhesabu nyumba za wageni zilizomo katika Maandiko. Wapelelezi wa Yoshua walilala kwa Rahabu, na mtaa ule wa Yeriko hatudhani ulikuwa na sifa nzuri kuliko Westlands. Msamaria alimfikisha majeruhi nyumba ya wageni, akamlipia dinari mbili, akaahidi kuongeza. Nasi tulikuwa tumelipiwa.

Saa nne usiku muziki ukaanza.

Tulidhani tunaujua muziki wa usiku, maana hata Mwanza baa zipo. Lakini huu haukuja masikioni. Ulikuja kifuani. Dirisha lilikuwa la vioo viwili na sauti za waimbaji hazikupenya kabisa, ila ule mdundo wa chini ulipanda kwa kuta, ukapita kwenye kitanda, ukagonga mbavu. Glasi juu ya meza ilikuwa ikilia kidogo kidogo. Wakenya wenyewe wamepambana na jambo hili. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo watu huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka baa zifungue saa 11 jioni na kufunga saa 5 usiku siku za kazi. Mwezi wa Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja wa Nairobi alipiga marufuku vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi baada ya wakazi kulalamika kwamba watoto hawalali. Nchini kwetu NEMC ilifungia baa na kumbi kadhaa za Dar es Salaam mwaka 2023 kwa sababu hiyo hiyo ya kelele. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa mwongozo tangu mwaka 1999 kwamba chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku ili mtu apate usingizi mzuri. Desibeli 30 ni kama watu wanaonong'ona. Ule usiku wa Ijumaa hakukuwa na aliyenong'ona.

Ilipofika saa saba na nusu tulikuwa tumelala chali wote wawili, tumetazama dari. Mmoja akauliza, "Umelala?" Mwingine akajibu, "Nitalalaje na mimi ndiye ngoma?" Tukaanza kucheka, na tulipocheka hatukuweza kuacha, mpaka mito miwili ikaanguka chini. Kicheko kilipokwisha tukanyamaza. Mdundo uliendelea. Ndipo baba watoto, bila kugeuza kichwa, akasema, "Mama, mimi nina sukari."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

Miezi minane! Alikuwa amekwenda kupimwa upande mwingine wa jiji, mbali na wauguzi wanaotufahamu. Asubuhi kabla ya kula ilikuwa 11. Wakarudia siku nyingine, ikawa ile ile. Sisi wauguzi, kipimo hicho kikifika 7 na kikarudia, tunasema huyu ana kisukari. Alikuwa akimeza vidonge shuleni na kuvificha kwenye droo ya meza ya ofisi chini ya madaftari ya kusahihisha. Siku za likizo alivibeba kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Hatutaficha, kwanza ilikuja hasira. Ni aibu iliyoje kwa muuguzi wa miaka 20, anayesimama kliniki kuwaambia akina mama dalili za kisukari, kiu, kukojoa sana usiku, kukonda, uchovu, halafu mtu wa nyumbani kwake ahamishe tundu la mkanda mara mbili asimwone! Lakini angemwonaje akiamka usiku kwenda msalani, wakati usiku huo mwenyewe yuko wodini akiwaandikia wengine kiasi cha mkojo waliotoa? Swali lililofuata lilikuwa kwa nini hakusema. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo tumekubaliana yachapishwe hapa, maana huenda kuna mama mwingine ambaye mume wake anayo kifuani.

"Kila anayekujia wewe ni mgonjwa. Kazini wagonjwa, kanisani wagonjwa, hata jirani akibisha hodi usiku ni mgonjwa. Ukirudi unavua viatu unasinzia kwenye kiti. Niliona nikikuambia, na nyumbani patakuwa wodi. Nilitaka abaki mtu mmoja ambaye hukuja kumhudumia."

Kulikuwa na machozi, si ya mmoja. Tuliwasha birika tukapika chai saa tisa kasoro, ya mmoja ina sukari na ya mwingine haina, na yule wa sukari akaona aibu akaiacha. Tukavaa yale majoho meupe, tukavuta viti viwili dirishani.

Chini barabara ilikuwa imejaa kama mchana. Magari yalisogea polepole, bodaboda zilipanga foleni, wasichana wenye nguo fupi walisimama ukingoni wakijikumbatia kwa baridi, maana Nairobi usiku ina baridi hata mwezi wa Desemba. Umri wao ulikuwa wa binti yetu wa kwanza. Wengine walikuwa wateja wa muziki tu, wakisubiri gari la kurudi nyumbani, wengine pengine walikuwa kazini kwa namna ambayo hatutaki kuihukumu kutoka ghorofa ya sita tukiwa tumevaa majoho ya kukodiwa. Tulichokiona zaidi ni watu wengi waliokuwa macho kwa ajili ya starehe ya wachache: walinzi, madereva, wauza pipi na sigara wenye visanduku shingoni, kijana wa kupangusa vioo vya magari, na mama mmoja kwenye kona mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha na kachumbari. Mwalimu alimtazama yule mama kwa muda mrefu. "Naye yuko zamu," akasema.

Tulizungumza mpaka kumepambazuka. Tulizungumza habari za baba yake mzee, aliyekufa na kidonda cha mguu ambacho hakikupona, na kumbe tangu mwezi wa nne alikuwa akiangalia nyayo zake mwenyewe kila jioni akiwa amefunga mlango wa bafuni. Tulizungumza hata habari za yule mtoto wetu aliyefariki mwaka 2009 akiwa na siku tatu, ambaye hatukuwahi kumtaja wawili tukiwa na nafasi ya kulia. Muziki ulizimwa yapata saa kumi na moja. Hatukuona ulipozimwa.

Kifungua kinywa cha Jumamosi kilikuwa mtihani. Meza ndefu, mikate ya aina nane, keki, asali ndani ya sega lake, maji ya matunda ya rangi zote. Mwalimu alisimama mbele ya zile keki kama Musa mlimani akiitazama nchi ya ahadi. Akachukua mayai, mboga, kipande cha papai na chai kavu. Muuguzi alijilazimisha kutazama sahani yake mwenyewe. Alipoinua macho alikuta mwalimu anamtazama akitabasamu. "Niambie basi. Najua unahesabu." Tukakubaliana: ushauri wa kitabibu dakika 10 kwa siku, baada ya hapo ni mke na mume.

Mchana tulitembea katika msitu wa Karura, ambao uko karibu. Ni msitu ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwezi wa Januari 1999 walipokwenda kupanda mti kupinga ardhi yake isigawiwe wenye vyeo. Mwaka 2004 mama huyo akapata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Leo familia zinatembea humo na watoto na baiskeli. Tulitembea saa mbili na nusu tumeshikana mikono, jambo ambalo Butimba hatulifanyi, lakini pale hakuna aliyetujua.

Tuliporudi tuliwaomba mapokezi chumba cha upande wa nyuma, wakatupa bila maneno. Tunawashauri wasomaji waombe hivyo tangu mwanzo: chumba cha nyuma, cha juu, mbali na lifti. Bafu la huko nalo lilikuwa la kioo. Kanga zilikaa begini.

Saa mbili usiku tulishuka barabarani kumtafuta yule mama wa mayai. Tulinunua manne. Alitumenyea kwa vidole vyepesi, akaweka kachumbari na chumvi. Tulimwambia tulimwona jana usiku kutoka juu. Alitazama lile jengo, akacheka. Alisema Ijumaa na Jumamosi ndizo siku zake, maana watu wakitoka kucheza wana njaa. Anauza mpaka matatu za alfajiri zianze, na hela hiyo ndiyo inayomweka mtoto wake sekondari. Hajawahi kuingia ndani ya hoteli yoyote ya mtaa ule. "Ndani kuko aje?" akatuuliza. Tukamwambia habari za bafu la kioo. Alicheka mpaka akashika ndoo. Mwalimu alikula mayai matatu.

Jumapili ya pili ya Majilio tulikwenda kwa miguu kanisa la Mtakatifu Marko, la Kianglikana, hapo hapo Westlands. Njiani wafagiaji walikuwa wakiosha vibaraza vya vilabu kwa maji na sabuni, wakikusanya vipande vya chupa kwenye makarai. Harufu ya pombe ilichanganyika na ya sabuni. Hatukumaliza kuipita ndipo tukaanza kuona akina mama wa kanisani na kofia zao.

Jumatatu tarehe 9, sikukuu ya Uhuru wetu, tulipanda basi la kurudi. Kwenye daraja la Kirumi baba watoto alitoa vidonge vyake kwenye mfuko wa ndani wa koti, akavimeza kwa maji mbele ya abiria wote, kisha akavitia katika pochi ya mkewe.

Kesho yake asubuhi tulikuwa uani. Kipimo kilikuwa juu ya stuli, mwalimu amenyoosha kidole, kipimo kimesoma 9 na ushee, ndipo jirani yetu, mama mtu mzima, akapita na ndoo yake.

"Mwangaluka. Poleni na safari. Mlifikia kwa nani huko Nairobi?"

Tukatazamana.

"Tulilala hotelini, mama."

Akatua ndoo. "Ninyi wawili?"

"Sisi wawili."

Alifikiri kidogo, akatazama huku na huko kama kuna anayesikia, kisha akasogea karibu akauliza bei. Tulipomtajia ile tuliyoisoma kwenye karatasi nyuma ya mlango, kwa siku mbili, akapiga makofi. "Hiyo ni ng'ombe!" akasema. Akajitwika ndoo yake, akaenda hatua tatu, akasimama, akageuka polepole asimwage maji. "Na kitanda chenyewe kilikuwaje?"